Pishi Moja kwa Kila Kichwa

Medicare, bima ya afya ya wazee wa Marekani, ilipoanza kazi Julai 1966, mchango wa huduma za daktari ulikuwa dola 3 kwa mwezi. Tajiri dola 3, mkata dola 3. Sisi Waislamu tunaujua utaratibu huo: zakatul-fitri, sadaka ya mwisho wa Ramadhani, ni pishi moja ya chakula kwa kila kichwa, uwe tajiri wa majahazi au mvuvi. Lakini dini haikuishia kwenye pishi. Ipo pia zaka ya mali, inayomtazama mtu ana nini. Bunge la Marekani lilifika huko mwaka 2003, na tangu 2007 mstaafu mwenye kipato kikubwa huongezewa mchango.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Lamu, na huku Minnesota wazee wa msikitini huniletea barua zao niwasomee. Mwaka 2025 walio wengi walilipa dola 185. Aliye peke yake, kipato chake kikizidi dola 106,000, alidaiwa 259, na ngazi ziliendelea hadi 628.90. Mzee mmoja aliniuliza kwa uchungu, "Dada, mbona nawalipia wengine? Hii si dhuluma?"

Nilimwambia si dhuluma, na sijabadilika. Dola 185 zilikuwa kama robo tu ya gharama. Robo tatu hutoka hazina ya serikali, na humo imo kodi ya binti anayekesha akiwageuza wagonjwa kitandani. Aliyelipa 259 alibeba asilimia 35. Hata wa ngazi ya juu kabisa hubeba 85, naye bado anasaidiwa. Halipii mtu mwingine. Amepunguziwa msaada, basi.

Dhuluma mimi naiona kwa mjane. Sheria hupima kipato cha miaka miwili nyuma, na dola moja tu ikivuka mpaka, unapandishwa ngazi nzima. Mwaka 2025 mpaka wa mume na mke ulikuwa 212,000. Mmoja akifa, aliyebaki alipimwa kwa 106,000. Namjua mama aliyekuwa akiishi na mumewe kwa dola 140,000 hivi, wakilipa mchango wa kawaida. Mume alipofariki kipato kilishuka hadi 115,000, na mchango wa mama ukapanda. Si maskini, wala hakujiita maskini. Lakini amepungukiwa, na kwa kupungukiwa huko anadaiwa zaidi. Ipo fomu, SSA-44, ya kuomba upimwe kwa kipato cha sasa baada ya msiba au kuacha kazi. Yeye kipato chake cha sasa ndicho hichohicho 115,000; fomu haimfai kitu.

Zaka haimdai mtu kwa mali iliyomtoka kabla ya hauli, yaani mwaka wa zaka, kutimia. Humpima alipo leo. Na leo mama huyu yumo katika nyumba ileile, kodi ya nyumba ni ileile, na kuipasha moto Januari hakukupungua nusu kwa kuwa analala mtu mmoja. Ningeomba sheria imwachie mpaka wa watu wawili, walau kwa miaka michache baada ya eda.