Mwili Nao Una Haki ya Mizani

Mkoani Simiyu mizani ni chombo kizito kuliko chuma kilichoiunda. Mkoa huu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya Bariadi makao yake makuu, ndio unaoongoza nchini kwa zao la pamba, na kila msimu wa ununuzi unapofunguliwa jasho la familia nzima, kuanzia Meatu na Itilima hadi Maswa na Busega, hugeuka kuwa namba moja inayosomwa kwenye kituo cha chama cha ushirika wa mazao (AMCOS). Huku Usukumani watu wanaijua dhuluma ya mizani tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 malalamiko ya wakulima kwamba wanapunjwa kilo na wanunuzi yaliwasukuma kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni, na vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani na wenzake, likazaa ushirika mkuu wa VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions) mwaka 1955. Swali ninalolileta hapa ni la mizani nyingine, ile anayoikanyaga mtu anayefanya mazoezi ili apunguze mwili. Je, mtu anaweza kujidhulumu mwenyewe kwa mizani? Nadai kwamba anaweza, kwamba wengi wanajidhulumu hivyo kila asubuhi, na kwamba kosa hilo ni la kimaadili kabla halijawa la hesabu.

Jambo lenyewe si dogo tena. Takwimu za kitaifa za afya ya uzazi zilionyesha kuwa wanawake wenye uzito uliozidi, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa asilimia 22 mwaka 2010 na wakafika asilimia 28 katika utafiti wa 2015 na 2016. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Sasa mchukue mtu aliyeitikia wito. Anakimbia mchakamchaka alfajiri, amepunguza tonge la ugali, ameacha soda. Jana mizani ilisoma kilo 84.2, leo inasoma 85.6. Anahukumu papo hapo kwamba kazi yote imepotea. Lakini kilo moja ya mafuta mwilini hubeba takriban kalori 7,700. Ili kilo hiyo moja na zaidi iliyoongezeka usiku kucha iwe mafuta, ingempasa ale kalori zinazokaribia 10,800 juu ya zile alizohitaji kwa siku hiyo, chakula cha siku nne au tano kwa mtu wa kawaida. Hakula hivyo, na yeye mwenyewe anajua kwamba hakula.

Kilichoongezeka ni maji zaidi ya kitu kingine chochote. Mwili hulinda uwiano wa chumvi na maji kiasi kwamba gramu 9 hivi za chumvi zikibaki ndani, lita moja ya maji hubaki nazo. Dagaa wa chumvi wa jana jioni wanaweza kuonekana kwenye mizani ya leo asubuhi. Wanga tunaokula huhifadhiwa kwenye misuli na ini kwa jina la glaikojeni, gramu mia tano hivi kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ndiyo sababu anayeacha ugali ghafla hupungua haraka siku za mwanzo, na anayeurudia huongezeka haraka vilevile, ilhali mafuta yake karibu hayajaguswa. Misuli iliyozoeshwa kazi mpya huvimba kidogo na kushika maji inapojitengeneza. Mzunguko wa hedhi huongeza maji kwa wanawake wengi. Chakula kilicho bado tumboni nacho kina uzito wake. Kwa hiyo kupanda na kushuka kwa kilo moja au mbili ndani ya siku chache ni kawaida ya mwili hai, na anayeanza mazoezi anaweza kuongezeka wiki zile zile ambazo mafuta yake yanayeyuka.

Mkulima wa pamba analielewa hili bila darasa la biolojia. Pamba hunyonya unyevu wa hewa, na biashara ya dunia inalijua hilo kiasi cha kukubali kiwango cha unyevu cha asilimia 8.5 katika nyuzi zinazouzwa. Anayemwagia pamba maji au kuitia mchanga ili kilo zipande anahesabiwa kuwa mdanganyifu, ingawa mizani inaposoma mzigo wake haikosei hata gramu. Udanganyifu umo katika kuita maji pamba. Basi mtu anayeona kilo 85.6 akasema "nimenenepa" ameyaita maji mafuta, na tofauti yake na mchafuzi wa pamba ni kwamba anayeibiwa ni yeye mwenyewe.

Hapa ndipo dini zinapoingia. Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja kubwa na moja dogo. Kitabu cha Mithali kinaitaja mizani ya hila kuwa chukizo kwa Mungu. Katika Kurani, Surat Al-Mutaffifin inawaonya wale wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunja wenzao, na Surat Ar-Rahman inaiweka mizani sambamba na kuinuliwa kwa mbingu. Mafundisho hayo hayashutumu chombo. Yanashutumu moyo unaotumia vipimo viwili. Anayefanya mazoezi ana mawe mawili mfukoni pia. Namba ikishuka baada ya jasho la saa moja, anasema ni bahati, ni maji tu. Ikipanda baada ya mlo wa sherehe, anasema huo ndio ukweli wake. Ushahidi wa aina moja anaupokea unapomhukumu na kuukataa unapomtetea. Tukikubali kwamba kumpima jirani hivyo ni dhambi, kwa hoja gani tunaruhusu mtu ajipime hivyo? Uislamu unafundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na Ukristo unauita hekalu. Chenye haki kinaweza kudhulumiwa, hata na mwenyewe.

Atakuja mtu aseme kwamba namba haidanganyi, na mengine yote ni maneno ya kujifariji. Ni kweli namba haidanganyi. Inajibu swali ililoulizwa. Tabibu Santorio wa Padua, Italia, alijenga kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani na kujipima kwa miaka mingi pamoja na chakula chake, kinywaji chake na taka zake, akachapisha matokeo mwaka 1614. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya alichokula na kunywa ilitoweka bila kuonekana, kupitia ngozi na pumzi. Namba zake zilikuwa sahihi siku zote, na bado hakuna namba ya siku moja iliyotosha kumfundisha chochote. Maana ilitoka katika mfululizo. Mizani hujibu swali la nguvu ya uvutano wa dunia juu ya kila kilichomo mwilini kwa dakika ile, na mwenye njaa ya kujua habari za mafuta yake amepewa jibu la swali jingine.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba hoja hii ni mto wa kulalia wavivu, kwamba kila anayekula bila mpaka atasema "ni maji". Nalikubali onyo lenyewe, lakini silikubali hitimisho. Kipimo cha haki humhukumu mvivu kwa uhakika kuliko kipimo cha pupa. Maji hupanda na kushuka, na kwa wiki nne au sita hujifuta yenyewe. Kinachobaki katika wastani ni mwenendo wa kweli. Wastani ukipanda mwezi mzima, hakuna chumvi wala hedhi ya kuisingizia. Kwa hiyo sisemi mizani itupwe. Katika daftari la kitaifa la Marekani lililoanzishwa mwaka 1994, la watu waliopunguza kilo 13 na zaidi na kudumu bila kuzirudisha angalau mwaka mmoja, robo tatu hivi hujipima walau mara moja kwa wiki. Wanaofanikiwa hawaikimbii mizani. Wanajifunza kuisoma.

La tatu ni la mcha Mungu anayeona hangaiko lote hili ni ubatili wa dunia. Ingekuwa hivyo kama lengo lingekuwa kusifiwa barabarani. Lakini mazoezi hushusha shinikizo la damu na kuusaidia mwili kutumia sukari vizuri hata pale uzito usipobadilika, na anayejikinga na kisukari anawalinda pia wanaomtegemea. Zaidi ya hapo, Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mmoja hupanda, mwingine hutia maji, na ukuzaji ni wa Mungu. Kupanda ni wajibu wetu. Siku ya kuota si yetu kuipanga. Kukimbia, kulala vya kutosha na kula kwa kiasi ni matendo yaliyo mikononi mwa mtu, na hayo ndiyo anayopaswa kujiuliza kila jioni. Namba ya asubuhi ni tunda linalochelewa.

Basi jipime kama unavyotaka pamba yako ipimwe: saa ile ile ya asubuhi, baada ya haja na kabla ya kula, kwa nguo zile zile, juu ya sakafu ngumu. Andika namba, usiibishie. Linganisha wastani wa wiki hii na wa wiki iliyopita, na utoe hukumu mwisho wa mwezi, si kabla. Usijinyime chakula kwa hasira wala usiache mazoezi kwa sababu ya asubuhi moja. Wazee wa ushirika walikataa kupunjwa kilo zao na watu wengine. Usikubali kupunjwa juhudi zako na mkono wako mwenyewe.