Heroe Akiinua Kichwa, Simama

Wajukuu zangu wa Bwera na Kasese, najua sikukuu ikifika mnachanga nauli mnakwenda Katwe, mnateremka ziwa la Munyanyange kupiga picha na heroe. Nendeni. Nataka tu mjue mguu wenu unafanya nini pale.

Heroe hula kichwa kikiwa chini juu, akichuja vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Chakula cha namna hiyo hakishibishi kwa dakika tano. Humchukua saa nyingi za siku. Mkimsogelea, kwanza huinua kichwa. Hapo ameshaacha kula. Mkiendelea, huanza kutembea, kisha kundi zima huruka, nanyi mnashangilia ile rangi angani. Kuruka kunakula nguvu alizokuwa anazitafuta. Akitua, kundi lingine la vijana linafika. Hamtaona damu wala ndege aliyekufa, ndiyo maana wengi hudhani hawajadhuru kitu.

Wako pia ndege wageni wadogo wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuchokoachokoa tope la ukingoni. Hao lazima wanenepe kabla ya kurudi kaskazini, mwezi wa tatu au wa nne. Kila wanapofurushwa, safari yao inapunguziwa akiba.

Ziwa letu halipwi na kujaa kila siku kama bahari. Hupungua kiangazi na kurudi na mvua. Lakini shida ni ileile ya pwani. Kwenye Ghuba ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, ndege hungoja maji yapwe ndipo wapate kaa na minyoo, na saa hizohizo ndizo watu hushuka kuchimba chambo.

Mfereji wa Kazinga nao una ndege mwenye mdomo mwekundu, taya la chini refu kuliko la juu, anayepasua maji nalo akivua samaki. Jamii yake hutaga kwenye kishimo cha mchanga mtupu. Mama akifukuzwa juani, mayai hubaki yakiungua, na mpita njia aweza kuyakanyaga bila kujua.

Waliowabebea wageni mizigo Rwenzori wanalijua tope la Bigo. Kila mtu alilikwepa kwa kupita pembeni, njia ikazidi kupanuka na mimea kupondeka, hadi zikawekwa mbao za kupitia. Ukingo unaohama na maji hauwekewi mbao. Pale pamebaki adabu yako.

Basi piteni njia moja, mmoja nyuma ya mwingine. Mbwa abaki nyumbani. Heroe akiinua kichwa, simama. Akianza kutembea, umeshapita mpaka, rudi nyuma taratibu. Anayerusha jiwe ili waruke apate video, mkanyeni, hata awe rafiki. Nanyi mnaoongoza watalii, mgeni akiwaongezea pesa mumsogeze karibu, mkatalieni kwa heshima, mpeni darubini, mkae naye kimya mpaka ndege warudi kula.