Mwendo wa Watoto

Ujumbe wa Jumapili iliyopita, ibada ya pili
Maandiko: Mwanzo 33:12-14, Isaya 40:11



Kama ulikuwa kazini au ulikuwa mgonjwa na hukufika Jumapili, na sasa umeshika kijarida hiki nyumbani, weka chai kando kidogo. Fungua Mwanzo sura ya 33, usome mstari wa 12 mpaka wa 14, halafu urudi hapa. Tutakungoja.

Umesoma? Sawa. Yakobo amekaa miaka 20 kwa Labani, sasa anarudi nyumbani. Anakutana na Esau, yule ndugu aliyemkosea, na Esau amekuja na wanaume 400. Wameshakumbatiana, wamelia, mambo yamekwisha. Ndipo Esau anasema, haya ndugu yangu, tushike njia, mimi nitakuwa pamoja na wewe. Ni ofa nzuri hiyo! Ulinzi wa bure, wanaume 400!

Yakobo anakataa kwa heshima. Anampa sababu mbili: nina watoto wadogo, na nina mifugo inayonyonyesha. Hawa wakisukumwa kwa nguvu hata siku moja tu, nitawapoteza. Kwa hivyo wewe tangulia na wanaume wako. Mimi nitakuja taratibu, kwa hatua za hawa watoto.

Najua wasomaji wa Biblia watasema, lakini Pastor, Yakobo hakumfuata Esau mpaka Seiri, alikwenda Sukothi. Ni kweli, na hayo ni mahubiri ya siku nyingine. Leo nataka tukae na neno hilo moja: mwendo wa watoto. Mwambie jirani yako: punguza mwendo.

Wapendwa, somo hili sikulipata darasani. Nililipata ndani ya ndege.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa masomoni Marekani, katika jimbo la Minnesota. Mke wangu alikuwa pamoja nami na mtoto wetu wa kwanza, kijana wa mwaka 1 na miezi 9. Kama ilivyo desturi ya kwetu, alipewa jina la babu yake, baba yangu. Mzee alikuwa akiniuliza kila simu: huyo jina langu utaniletea lini nimwone? Nami nikawa namjibu, mzee, mwezi wa nane, tukifunga shule.

Mwezi wa pili, usiku, simu ikalia. Baba amelala.

Mke wangu alikuwa na mimba ya wiki 32, na presha ilikuwa imeanza kupanda. Miguu imevimba. Mashirika mengi ya ndege huomba barua ya daktari mimba ikifika wiki 28, na ikikaribia wiki 36 wengi hawakubali kumpandisha mama. Lakini sisi hata hatukufika kwenye habari ya barua. Daktari alisema hakuna safari, na akasema pia asibebe kitu kizito. Sasa mtoto wa umri ule ni kitu gani, kama si kitu kizito chenye miguu? Ukimweka chini anakimbia, ukimfuata anataka kubebwa.

Tukakaa kitandani usiku ule, tukalia na kupanga. Yeye abaki, akina mama wa ushirika wetu wa Wakenya kule watapokezana kulala naye. Mimi niende na mtoto, nizike baba, mama yangu amwone mjukuu, nirudi baada ya wiki 2. Tukaandika barua ya idhini, mke wangu akatia sahihi, ikapigwa muhuri, kwa sababu mzazi mmoja akivuka mpaka na mtoto anaweza kuulizwa, na mwenzako yuko wapi?

Yeye akapanga mkoba wa mtoto akiwa amelala ubavu, mimi nikimpitishia vitu. Daipa, chupa, nguo tatu za kubadilisha. Juu yake akaweka karatasi ya maagizo. Niliikunja nikaitia mfukoni bila kusoma. Nilijiambia, mimi ni mwanaume, nimefanya mitihani migumu, mtoto atanishinda nini?

Haya. Mtoto wa chini ya miaka 2 kwenye ndege hana kiti. Unamlipia sehemu ndogo ya nauli, na kiti chake ni mapaja yako. Minneapolis mpaka Amsterdam ni kama masaa 8. Amsterdam mpaka Nairobi ni mengine 8. Wababa, nawauliza: umewahi kwenda msalani ndani ya ndege na mtoto amekushika shingo? Huwezi kumwacha kitini, huwezi kumweka chini, na yeye anataka kubonyeza kila kitu. Ndege ilipoanza kushuka, masikio yakamuuma, akapiga nduru ndege nzima ikageuka. Sikujua kwamba unampa chupa anyonye ili masikio yafunguke. Mama yake alijua. Iliandikwa kwenye ile karatasi.

Tukafika Amsterdam. Hapo ndipo nilipokuwa Esau. Nilikuwa na masaa 2 ya kubadilisha ndege, lakini kichwani nilikuwa nasikia jeneza, mazishi Jumamosi, mke wangu kitandani. Nikaanza kukimbia. Mtoto akataka kutembea mwenyewe. Nikamweka chini, akaketi sakafuni. Nikamwambia twende, akalala kabisa. Watu wanapita na masanduku yao wakituangalia. Ndugu zangu, nilimvuta mkono yule mtoto kwa hasira. Nilimvuta mpaka akanyamaza ghafla, akaniangalia kwa woga. Mimi, baba yake. Mchungaji mtarajiwa.

Nikambeba nikakimbia. Tulipofika kwenye geti, ndege haikuwa imeanza hata kupakia. Tuliketi pale saa nzima. Ile haraka yote ilikuwa ya nini?

Nikatoa karatasi mfukoni. Mstari wa mwisho mke wangu alikuwa ameandika: akikataa kutembea, amechoka, si mkaidi. Keti naye chini kidogo.

Nikaketi naye sakafuni, na suti yangu ya mazishi. Akaja akaweka kichwa hapa kifuani. Nikalia pale kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya usiku. Nilikuwa nimekimbia hata machozi ya baba yangu.

Ndege ya pili, upande wa pili wa njia, kulikuwa na mama mzee Msomali, amejifunga ushungi, naye ametoka Minneapolis kama sisi. Saa ya kwanza alinitazama tu. Kisha akaniambia kwa Kiswahili safi: "Baba, nimekaa Eastleigh miaka mingi, nimelea watoto tisa. Nipe huyo mjukuu, wewe ulale." Nikasema, hapana mama, niko sawa. Akanyoosha mikono, akasema: "Hauko sawa. Nipe."

Nilimpa. Mtoto akaenda kwake bila kulia. Nililala masaa 3. Nilipoamka, mtoto amelala kwenye bega la yule mama, na mama anamnong'oneza dua yake. Tulikuwa hatuombi kwa njia moja, mimi na yeye, lakini Mungu alinilisha kwa mkono wake, kama vile yule mtu wa barabara ya Yeriko alivyosaidiwa na Msamaria ambaye hakumtarajia.

Tulizika baba. Mtoto, kwa saa zake za Marekani, alikuwa anaamka saa nane za usiku anataka kucheza, na mama yangu anaamka naye, anamwita kwa jina la mumewe. Nafikiri Mungu alimpa bibi yule mtoto kwa usiku zile maalum.

Safari ya kurudi nilijua namna ya kutembea. Polepole. Lakini tulipofika Amsterdam nikafungua simu, nikakuta ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa ushirika: presha imepanda sana, tumempeleka hospitali, ombeni.

Sikilizeni, wapendwa. Mbele yangu kulikuwa na masaa zaidi ya 8 juu ya bahari, bila habari. Nina mtoto mmoja mikononi. Mwingine anakuja duniani na mimi siko. Isaya 40:11 inasema juu ya Mchungaji wetu mambo mawili kwa wakati mmoja. Wale wadogo anawakusanya na kuwabeba kifuani, na wale wenye vichanga anawapeleka kwa upole. Mambo mawili, wakati mmoja! Mimi nilikuwa na mikono miwili tu. Wa kubebwa alikuwa hapa. Wa kuongozwa kwa upole alikuwa upande ule mwingine wa bahari. Na nikaelewa kwamba hakuna mwanaume anayeweza kuwa Mchungaji huyo. Hata Yakobo hakuweza. Soma sura ya 35: Raheli alijifungua Benyamini njiani, Yakobo akiwepo palepale, na Raheli akafa. Kuwepo kwa Yakobo hakukumwokoa.

Nikamwambia Bwana, mimi nitambeba huyu. Wewe mwongoze yule.

Tulipotua, ujumbe wa kwanza ulisema: ni msichana. Alizaliwa tukiwa angani, wiki ya 34, akawekwa na watoto njiti siku 11. Aliyemshika mke wangu mkono hakuwa mimi, alikuwa dada wa ushirika, ambaye alitoka zamu ya usiku akaja bila kulala. Nimeshaomba msamaha kwa mke wangu, naye alishanisamehe. Lakini nitawaambia ukweli: bado inaniuma kwamba sikuwepo. Kuna mambo Mungu anayatunza vizuri na bado yanakuuma. Usijilaumu kwa hilo.

Yule msichana mnamjua. Ndiye aliyewashinda wote mashindano ya mistari ya Biblia shule ya Jumapili mwezi uliopita. Amina?

Sasa nimalizie na mambo matatu.

La kwanza, kwa wababa. Nilipofika kijijini na mtoto mgongoni, watu walinisifu sana. Ati baba wa ajabu! Amesafiri peke yake na mtoto! Lakini hapa kanisani kuna mama anayetoka Kayole kila alfajiri, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, mimba ya miezi 7, anapanda matatu mbili kufika kazini, na hakuna aliyewahi kumpigia makofi. Mimi nilifanya siku mbili, yeye anafanya kila siku. Baba, ukitaka kujua mwendo wa nyumba yako, beba mkoba wa mtoto wiki moja.

La pili, kwa wenye haraka. Una mipango ya Esau: plot, gari, shule ya mtoto, cheo. Si mibaya. Lakini angalia nyuma. Nani anavutwa mkono? Nani amenyamaza kwa woga? Usingoje uketi kwenye geti ukagundua kwamba ndege haikuwa inaondoka.

La tatu, kwa kanisa. Mungu aliyemwongoza mke wangu kwa upole alitumia miguu ya dada aliyetoka zamu. Alitumia mapaja ya mama wa Eastleigh. Wiki hii kuna mama mjamzito katika eneo lako. Usimtumie tu ujumbe wa "nakuombea". Nenda umfulie. Mshikie mtoto alale masaa 3.

Na wewe unayesaidiwa, usiseme niko sawa. Hauko sawa. Toa mtoto, ulale.

Yakobo, siku ile, alikuwa anachechemea. Alikuwa ameshikwa nyonga usiku uliotangulia, mnakumbuka? Labda ndiyo maana aliweza kutembea mwendo wa watoto. Mtu ambaye Mungu amemgusa hawezi tena kukimbia na kuwaacha wengine nyuma.

Tuombe.

Baba, wewe unawabeba wadogo na unawaongoza kwa upole wenye mimba na wenye kunyonyesha. Tusamehe pale tulipovuta mikono ya watoto kwa hasira. Wakumbuke walio mbali na wake zao wiki hii, madereva wa masafa, askari walio kambini, waliokwenda Ghuba na Marekani kutafuta riziki. Pale mikono yetu isipofika, mikono yako ifike. Katika jina la Yesu. Amina.

Ya kuzungumza katika kikundi cha nyumbani, Jumatano:

1. Katika nyumba yako, ni nani anayeamua mwendo? Je, mdogo kuliko wote anaweza kuufuata?

2. Ni lini uliwahi kusaidiwa na mtu ambaye hukumtarajia? Ulikubali mara ya kwanza?

3. Tajeni mama mjamzito mmoja au mzazi anayelea peke yake katika eneo lenu. Nani ataenda kwake kabla ya Jumapili, na atafanya nini?