Je, Amani Yaweza Kununuliwa kwa Damu ya Wengine?

Watu wengi wanapenda sinema za vita. Wanatazama farasi, bendera na panga, wanapiga makofi, kisha wanarudi nyumbani. Lakini iko sinema moja ya China, jina lake Yingxiong, maana yake Shujaa, ambayo Zhang Yimou aliitengeneza mwaka wa 2002. Hiyo haimwachi mtu alale kabla hajajiuliza swali.

Habari yake ni hii. Zamani China haikuwa nchi moja, ila falme saba zilizopigana daima. Mfalme wa Qin alitaka kuzishinda zote. Mtu mmoja asiyetajwa jina anafika mbele yake na kudai kwamba amewashinda adui zake watatu wakubwa. Kwa ajili ya tendo hilo anaruhusiwa kumkaribia mfalme hatua 10. Kumbe ni mzaliwa wa Zhao! Jamaa zake waliuawa na askari wa Qin, naye amekuja kulipa kisasi. Kwa upanga wake hatua 10 zamtosha.

Hata hivyo hamwui. Kwa nini? Rafiki yake, aitwaye Upanga Uliovunjika, alikuwa amemwandikia mchangani neno tianxia, yaani vyote vilivyo chini ya mbingu. Maana yake: mfalme huyu akifa, falme zitaendelea kuuana, akiishi, ataziunganisha na vita vitakwisha. Basi yule mtu anamgusa mfalme kwa mpini tu, kisha anatoka. Wakubwa wa baraza wanapaza sauti kwamba sheria yataka auawe. Mfalme anasita, halafu anatoa amri. Mishale inaruka. Yule mtu anazikwa kwa heshima ya shujaa.

Tuseme nini? Yafaa tutenge mambo mawili.

Kwanza, kuacha kisasi. Hapo alitenda vema. Mnyonge akiacha kisasi, watu husema anaogopa. Huyu alikuwa na uchungu, alikuwa na nguvu, na adui alikuwa mbele yake. Akajishinda mwenyewe. Ushindi huo ni mgumu kuliko kuteka mji.

Pili, sababu aliyopewa. Hapo tuangalie sana. Yasemwa: wachache wafe ili wengi wapate kukaa salama. Lakini nani aliwauliza hao wachache? Sinema yenyewe yaonyesha shule ya kuandika huko Zhao. Mishale ya Qin inanyesha kama mvua, wanafunzi wanaanguka, na mwalimu mzee anaendelea kuandika. Mzee huyo alimkosea nini mfalme? Hakuna, ila alikaa katika nchi ambayo mwingine aliitamani. Mimi naweza kusamehe deni langu. Deni la jirani yangu siwezi kusema limelipwa. Vivyo hivyo naweza kumwachia muuaji uhai wake. Lakini siwezi kusema, badala ya wafu, kwamba kifo chao kilikuwa bei ya haki.

Tena, je, amani ya namna hiyo hudumu? Habari za kale zatujibu. Mfalme wa Qin alimaliza kuzishinda falme zote mwaka wa 221 kabla ya Kristu. Aliagiza maandishi ya namna moja, na vipimo na mizani ya namna moja, na mambo hayo yalifaa. Lakini alitawala kwa adhabu kali na kazi za shuruti. Alikufa mwaka wa 210. Mwaka uliofuata watu waliasi, na mwaka wa 206 utawala wa ukoo wake ulikuwa umekwisha. Miaka 15 tu!

Wala si ajabu. Nyumba ambamo mke na watoto wananyamaza kwa kuogopa fimbo ya baba, jirani apitaye njiani huiona tulivu. Lakini siku baba anapoanguka, ndipo yasikika yaliyofichwa humo miaka yote.

Basi, ukiitazama sinema hii, msifu aliyeshusha upanga, maana anastahili. Lakini usimsahau mwalimu mzee na kalamu yake. Mtu akikuambia kwamba nchi fulani ina amani, usiende kwanza kumwuliza mfalme. Nenda kwa yule mzee, ukaone kama bado yuko hai, na kama aruhusiwa kuandika.