Kamera Haipigi Hodi

Wezi walikuja kwetu mara mbili katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza walichukua mtungi wa gesi na nguo zilizoachwa kwenye kamba usiku. Mara ya pili walikata seng'enge ya juu ya ukuta, wakaondoka na betri ya gari la Ssenga. Ssenga ni shangazi yangu, dada wa baba, nami nimekaa kwake Najjera, nje kidogo ya Kampala, tangu nilipoanza chuo. Asubuhi ile hakupiga kelele. Alinipa pesa, akasema kwamba kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mambo ya simu, niende mjini nikachague kamera za ulinzi. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja.

Muuzaji ana maswali machache na yote ni ya kiufundi. Unataka za waya au zisizo na waya? Zisizo na waya hufungwa haraka na huonekana kwenye simu popote ulipo, ila hutegemea intaneti ya nyumbani, na umeme ukikatika, jambo ambalo sisi hatulishangai tena, zote hulala pamoja. Za waya huunganishwa na mashine ya kurekodi, nayo ukiiwekea betri ya akiba huendelea kufanya kazi gizani. Unataka kuona upana au kuona uso? Lenzi ya milimita 2.8 huona uwanja mzima, lakini mtu aliye getini huwa madoa tu. Ya milimita 4 huona sehemu ndogo zaidi na uso hutambulika. Unataka picha zikae siku ngapi? Hapa nilifanya hesabu mwenyewe juu ya karatasi ya risiti. Kamera moja ikirekodi mchana na usiku kwa megabiti 2 kwa sekunde hujaza karibu gigabaiti 22 kwa siku. Kamera nne basi humaliza diski ya terabaiti 1 kwa siku 11 au 12, kisha mashine huanza kufuta za zamani ili kupata nafasi. Muuzaji aliona hiyo ni kasoro akataka kuniuzia diski kubwa zaidi. Mimi nilifurahi. Mashine inayosahau baada ya siku 12 ilinipendeza kuliko isiyosahau kabisa, ingawa wakati huo nisingeweza kueleza kwa nini.

Jambo moja muuzaji hakuuliza: zitamtazama nani?

Mashine hizi huuzwa zikiwa na nafasi 4 au 8, na seti huja na kamera 4. Nyumba yetu ilihitaji 3: getini, penye gari, na uani nyuma ya jiko. Ikabaki moja. Nafikiri maswali mengi ya maadili huingia nyumbani kwa njia hii. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kuna kamera moja imebaki na tayari imelipiwa.

Ssenga alisema iwekwe sebuleni, ielekee pia mlango wa jiko, ifichwe nyuma ya maua ya plastiki, na dada asiambiwe. Namwita dada kama Watanzania wanavyomwita mfanyakazi wa nyumbani, ingawa najua kwamba neno hilo zuri linaweza kuficha mshahara mdogo. Ametoka Kamuli, tunalingana umri, na ndiye anayeshinda na mjukuu wa Ssenga, mtoto ambaye hajafika miaka 2. Nilipoguna, Ssenga alinikumbusha mwaka 2014. Hakuna mtu wa Kampala asiyeikumbuka video ile. Baba mmoja aliona majeraha kwa mtoto wake, akaficha kamera sebuleni, na kamera ikamwonyesha mfanyakazi akimpiga na kumkanyaga mtoto huyo. Picha zilizunguka dunia nzima mwezi wa Novemba, na Desemba mahakama ikamhukumu mwanamke yule kifungo cha miaka 4. "Mtoto hana mdomo wa kusema," Ssenga aliniambia. "Kamera ndiyo mdomo wake."

Sina jibu rahisi kwa hoja hiyo, na sitaki kujifanya ninalo. Anayetetea faragha ya mtu mzima lazima akubali kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mwingine, mdogo kuliko wote, ambaye faragha ya mwenzake ilikuwa ikimuua polepole. Kama ningeulizwa leo kama baba yule alikosea kuficha kamera, ningesema hapana. Aliona majeraha kwanza. Alikuwa na sababu yenye umbo na rangi.

Sisi hatukuwa na jeraha lolote. Tulikuwa na betri ya gari iliyoibwa na watu walioruka ukuta kutoka nje. Hata hivyo nilifanya kama nilivyoagizwa. Nilipanda kwenye kiti, nikaifunga kamera nyuma ya maua, nikaweka neno jipya la siri, maana kuacha lile la kiwandani ni hatari, kama ilivyoonekana mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai ilipoteka maelfu kwa maelfu ya kamera za namna hii. Kisha nikaweka programu yake kwenye simu yangu. Nililinda picha za dada zisionwe na wageni wa mbali, kisha nikazitazama mimi.

Kwa wiki mbili nilimtazama nikiwa darasani. Naandika haya kwa aibu. Mwanzoni nilijiambia ninamwangalia mtoto. Lakini mtoto akilala, sikufunga simu. Nilimwona dada akipiga deki, akijaribu kiatu cha Ssenga na kukirudisha, akicheza peke yake mbele ya televisheni iliyozimwa. Siku moja aliketi kwenye kizingiti cha jiko na simu mkononi, akalia kwa muda mrefu, kisha akanawa uso na kuendelea kumenya matoke. Jioni nilitaka kuwa mwema. Nikamuuliza kama kwao wote ni wazima.

Alinitazama, halafu akatazama kuta, polepole, moja baada ya nyingine. "Kwani umeniona?" akauliza.

Hakuuliza tena. Tangu siku hiyo kila alichoweza kukifanya nje ya sebule alikifanya nje, na mtoto akawa anashinda uani mgongoni mwake, mahali ambapo hakuna mti wala kivuli.

Katika somo la falsafa tulisoma kisa ambacho Plato anakieleza katika kitabu cha Jamhuri, cha mchungaji wa Lidia aliyepata pete ya kumfanya asionekane. Kwa pete hiyo aliingia ikulu, akamtongoza malkia na kumuua mfalme. Swali la kisa ni hili: mtu asiyeonekana ataendelea kuwa mwema? Wanaofunga kamera huona kwamba jibu ni hapana, kwa hiyo kila mtu avuliwe pete. Nilivyokielewa kisa hicho baada ya wiki zile mbili ni tofauti. Dada hakuwa na pete yoyote. Pete nilikuwa nayo mimi. Mimi ndiye niliyeingia chumba alimokuwa bila kuonekana, nikakaa nilivyotaka, nikatoka, na hakuna aliyenihukumu. Na sikuendelea kuwa mwema.

Waswahili wana neno la jambo hili ambalo naona lina uzito kuliko "faragha" tunayoikuta katika sheria. Ni sitara. Faragha ni ya mtu aliye peke yake. Sitara ni kitu ambacho watu husitiriana. Ukiona ubaya mdogo wa mwenzako unaufunika, naye anaufunika wako. Tulipojifunza kuhusu nyumba za mawe za Lamu tuliambiwa kwamba mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, na njia ya kuingilia imepindwa ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Na kabla ya yote hayo kuna hodi. Hata sisi Waganda tunasema "koodi" mlangoni, na mwenye nyumba hujibu "karibu". Hodi humpa aliye ndani nafasi ya kufuta machozi. Kamera haipigi hodi, na hilo ndilo kosa lake kuu, kubwa hata kuliko kuona kwenyewe.

Niliporudi kwa Ssenga sikumwambia habari za Plato. Nilimuuliza tunataka kumkamata dada akimpiga mtoto, au tunataka mtoto asipigwe? Kama ni kukamata, kamera ifichwe, ila tujue kwamba tunasubiri mtoto aumie ili tupate ushahidi. Kama ni kuzuia, iwekwe mahali inapoonekana na dada aambiwe. Ssenga si mtu wa kushindwa haraka. Alisema anayejua kamera iko sebuleni atampigia mtoto chumbani. Ni kweli, anaweza. Lakini aliyeficha kamera sebuleni naye haoni chumbani, na sidhani kuna mtu atakayeona haya ya kufunga kamera chumbani na bafuni akatulia. Mahali fulani lazima tumwamini mtu tuliyempa mtoto, au tusimpe.

Niseme kidogo kuhusu kamera ya getini. Ilikuwa inaona upande wa pili wa barabara, milango ya vyumba vya kupanga vya jirani, kiasi kwamba nilijua nani anatoka saa ngapi. Katiba yetu ya mwaka 1995, kifungu cha 27, inalinda nyumba ya kila mtu, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda data na faragha. Rafiki yangu anayesoma sheria alinionyesha pia kesi ya Ulaya ya bwana Ryneš wa Jamhuri ya Cheki. Naye alikuwa amevunjiwa madirisha mara kadhaa, akafunga kamera iliyoona barabara na mlango wa nyumba ya mkabala. Desemba 2014, mwezi uleule wa hukumu ya Kampala, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kamera inayotazama njia ya watu si jambo la ndani ya nyumba tu, ingawa haja ya mtu kujilinda nayo huzingatiwa. Kwetu halikuchukua hata dakika kumi. Mashine nyingi zina sehemu ya kuchora kisanduku cheusi juu ya usichopaswa kuona. Nikaifunika milango ya jirani. Kama wote wenye kamera mtaani wangefanya hivyo sijui. Wengi hawajui kwamba kisanduku kipo.

Ssenga alimwita dada sebuleni, akaondoa maua, akamwonyesha kamera. Akamwambia ipo kwa ajili ya mtoto na kwamba yeye peke yake atatazama picha, tena kukiwa na jambo. Mimi nilifuta programu kwenye simu yangu mbele yao. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na mimi nitaona nini?"

Ssenga alicheka, halafu akanyamaza. Mchana Ssenga huwa dukani kwake anakouza vitambaa, mimi huwa chuoni. Mwizi akija saa 6 mchana atamkuta dada na mtoto, na katika nyumba nzima yeye ndiye pekee asiyeweza kuona geti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na sisi tulikuwa tumeifunga kata macho. Tulinunua televisheni ndogo iliyotumika, tukaiunganisha na mashine, ikawekwa jikoni. Inaonyesha geti, gari na uani. Mwezi uliofuata alikuja mtu aliyesema ametumwa kusoma mita. Dada alimtazama kwenye kioo, hakuona kitambulisho, hakufungua.

Kamera ya sebuleni bado ipo, juu ya televisheni kubwa, wazi. Wiki iliyopita mtoto alikutwa na alama nyekundu mkononi. Ssenga aliketi akarudisha picha za siku nzima, dada amesimama nyuma ya kiti chake, wote wawili wakitazama. Ilikuwa kona ya meza. Ssenga alisema "basi", akazima. Dada alirudi jikoni bila kusema neno, na usiku ule chakula kilichelewa sana.