Kaa Kwanza, Upige Hesabu

Somo: Luka 14:25–33

Injili ya Dominika ya 23 ya Mwaka C inatuonyesha mtu anayetaka kujenga mnara na mfalme anayekwenda vitani. Yesu anasema kila mmoja hukaa kwanza, akapiga hesabu.

Sisi wa Kilwa tuna sababu ya kulisikia neno hili. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa mashina machache ya pamba. Ilikuwa pamba ya kulazimishwa, iliyolimwa kwa viboko, na kuing'oa kulikuwa kumtangazia Mjerumani vita. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa maji ya dawa, aliwataka wasubiri, lakini uvumilivu ukawaishia. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga huko Mohoro. Hadi vita vinakwisha, makumi ya maelfu walikuwa wamekufa, wengi kwa njaa, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa makusudi.

Wazee wetu hawakukosea kukataa uonevu. Lakini waliahidiwa kwamba risasi zingegeuka maji, yaani gharama isingekuwepo. Kuwa na haki ni jambo moja, kuwa tayari ni jingine.

Basi utajuaje kwamba uko tayari? Usingoje hofu iondoke. Kule Gethsemane Bwana wetu aliomba kikombe kimwepuke, kisha akainuka akaenda. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tazama hili: je, unaweza kuitaja hasara waziwazi, pamoja na majina ya watakaoibeba? Mjane anayetaka kuuza minazi aliyoachiwa na mumewe ajiulize watoto watakula nini fedha ikiisha. Akipata jibu bila kujidanganya, na hasira dhidi ya mashemeji ikiwa imepoa, na uamuzi ukawa ule ule, amekaribia.

Anayepigwa nyumbani hasemwi hapa. Huyo aondoke kwanza, hesabu ataipigia mahali salama.

Wiki hii, kama lipo jambo linalokunyima usingizi, andika kwenye karatasi gharama yake na kila atakayeilipa. Mpelekee mtu asiyeogopa kukupinga, awe katekista, shangazi au jirani Mwislamu mwenye busara. Msikilize mpaka mwisho. Kisha sali, uamue.