Habari Iliyokosa Nauli

Agosti 1914 stima ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, enzi hizo Sphinxhafen, inafanyiwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, hakuwa na wasiwasi wowote. Ghafla Gwendolen ya Waingereza ikatokea ziwani na kuanza kupiga mizinga. Berndt akaingia kwenye mashua ndogo, akamfuata nahodha wa Gwendolen, Rhoades, huku amefura kwa hasira. Wawili hao walizoea kunywa pamoja; mzaha gani huu? Akaambiwa nchi zao zinapigana na yeye ni mateka. Habari ya vita ilikuwa imeshamfikia Rhoades. Berndt hakuna aliyemletea.

Watu wakisimuliwa kisa hiki hucheka. Mimi hunikumbusha kisa kingine kisicho na mizinga, ambacho nitakiweka Lipingo, mwambao huohuo wa Nyasa, bila kumtaja mtu, maana kingeweza kuwa cha kijiji chochote.

Alikuja mtafiti. Fedha zilitoka kwa mfadhili wa nje, na swali lake lilikuwa zuri: wanawake wanaoanika usipa, samaki wadogo wa ziwa hilo, na wachuuzi wanaoupeleka Mbinga na Songea hupatanaje bei? Nani humpigia nani simu, na neno gani hupotea njiani? Alipiga hodi kwa mwenyekiti, akakaa wiki tatu chini ya mwembe akijaza madodoso. Watu walimjibu kwa moyo, wengine wakiacha usipa wao juani bila kugeuzwa. Akaenda zake, akaandika. Alichokiona kilikuwa na uzito: wachuuzi huambizana bei kwa simu kabla hawajakanyaga ufukweni, ila waanikaji hupatana kila mmoja peke yake, tena na mchuuzi yuleyule aliyemzoea. Kwa kupashana tu bei ya sokoni Mbinga kila asubuhi wangeacha kuuza gizani.

Si jambo dogo hilo. Mwaka 2007 mwanauchumi Robert Jensen alichapisha utafiti kuhusu wavuvi wa saradini wa Kerala, India. Simu za mkononi zilipofika kwao, faida yao ilipanda kwa takriban asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4 hivi, na samaki waliokuwa wakimwagwa kwa kukosa mnunuzi karibu wakaisha. Bahari haikuongezewa samaki. Kilichoongezeka ni kujua.

Basi ripoti ya mtafiti wetu ikaenda kwa mfadhili. Nakala ikaenda COSTECH Dar es Salaam, tume ya sayansi na teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya 1986, kama kibali cha utafiti kinavyotaka. Makala ikatoka kwa Kiingereza, kwenye jarida ambalo hulisomi mpaka ulipie. Dar es Salaam na Lipingo zimeachana kwa zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, na hakuna karatasi iliyozivuka kurudi.

Simlaumu sana. Zitazame bajeti za kazi kama hizi: gari lina fungu lake, posho ina fungu, dodoso lina fungu, tiketi ya mkutano wa Ulaya nayo haisahauliki. Safari ya kurudi kijijini kueleza kilichoonekana haimo. Wala tafsiri ya kurasa nne za Kiswahili cha kawaida, ambayo ingegharimu kidogo kuliko mafuta ya siku mbili. Na mfadhili hakuuliza. Nia njema isiyo na fungu huishia kwenye daftari.

Misimu ikapita. Akaja mtafiti wa pili na dodoso jipya, maswali karibu yaleyale. Bibi mmoja hakuinua hata kichwa. Aliendelea kugeuza usipa wake kwenye chanja.

“Mjukuu wangu,” alisema, “mwenzako alikuja, tukamjibu yote. Kamuulize yeye. Halafu urudi utuambie tulisema nini.”